IP inagoma kwenye fayawoli? Weka mausi chini, chukua karatasi kwanza

Aisee mnaofanya kazi za netiweki huku Chuga (Arusha) na Moshi hili mtakuwa mmelipitia. Unaletewa boksi jipya la fayawoli (mlinzi wa netiweki, anayeamua kipi kipite na kipi kisipite), bosi kasimama mgongoni anataka intaneti irudi kabla ya saa nne, unaingiza IP (anwani ya namba ya kifaa kwenye netiweki) boksi linakataa. Au linakubali fresh kabisa, taa za kijani zinapepesa, halafu hakuna kinachopita. Hilo la pili ndo linalotesa watu, maana likikataa angalau limekuonyesha pa kuanzia.

Mifano mingi hapa nitatumia MikroTik (ruta zenye fayawoli ndani) na pfSense (programu ya fayawoli) kwa sababu ndo navyokutana navyo zaidi kwenye maofisi ya tua (utalii) na malodge. Ukiwa na boksi la aina nyingine menyu zitakuwa na majina mengine tu, makosa ni yaleyale.

Hatua ya 1: andika ramani kabla hujagusa kitu

Najua hii utaruka, hata mimi nilikuwa naruka. Kuna ofisi moja ya tua pale Njiro niliitwa mwezi wa saba, hai sizoni, wageni wanaingia kila siku, kuwabadilishia ruta ya zamani niwawekee pfSense. Nikafunga boksi, kebo ya modemu nikachomeka WAN (upande wa intaneti), swichi ya ofisi nikachomeka LAN (upande wa ndani ya ofisi), nikajisemea nusu saa nimemaliza nawahi chipsi. Nimekaa pale mpaka saa kumi na moja jioni. Kila baada ya dakika kumi dada wa buking anachungulia mlangoni, "kaka imerudi?", namjibu bado dada, mpaka ikafika mahali hachungulii tena ananiangalia tu kwa mbali.

Tatizo lenyewe ni aibu hata kulisimulia. Modemu ya kampuni ya intaneti ilikuwa na IP 192.168.1.1 na inagawa 192.168.1.x. Na pfSense ikitoka kiwandani LAN yake ni 192.168.1.1 hiyohiyo. Kwa hiyo WAN imepewa 192.168.1.2 na modemu, ikaambiwa getiwei yako (mlango wa kutokea kwenda nje) ni 192.168.1.1, na boksi lenyewe upande wa LAN ndo 192.168.1.1. Sasa linamtafuta nani, linajitafuta lenyewe! Ni sawa na kumwambia dereva akushushe Kaloleni halafu usiseme ya Arusha au ya Moshi, atakushusha atakakoona yeye. Na ubaya wake hakuna ujumbe wowote mwekundu uliotokea, kwa sababu IP ya WAN ilikuja kwa DHCP (ugawaji wa IP wa kiotomatiki), sikuiandika mimi.

Kwa hiyo chukua karatasi, hata nyuma ya risiti, andika upande wa WAN: IP, maski (inayosema kundi la IP lina ukubwa gani), getiwei, DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP), na inakuja kwa DHCP au kwa PPPoE (kuingia kwa jina na nywila ya kampuni ya intaneti) au unaandika kwa mkono. Upande wa LAN: IP ya boksi, maski, DHCP itagawa kuanzia ngapi mpaka ngapi, na vitu vyenye IP ya kudumu kama printa, NVR (kinasa picha) ya kamera, mashine ya vidole ya mahudhurio. Halafu ziangalie pande zote mbili, zikifanana namba za mbele, yaani zote 192.168.1, simama hapohapo badilisha LAN. Usihangaike kubadilisha modemu ya watu.

LAN uweke ngapi? IP za ndani zimetengwa makundi matatu tu: 10.0.0.0 mpaka 10.255.255.255, 172.16.0.0 mpaka 172.31.255.255, na 192.168.0.0 mpaka 192.168.255.255. Hilo kundi la katikati linadanganya sana watu, mtu anaona inaanza na 172 anaweka 172.50.0.1 anadhani ni ya ndani kumbe ni IP ya watu huko duniani, siku ofisi ikihitaji kufika kwa mwenye IP hiyo haitafika kamwe. Mi siku hizi naweka kitu kama 10.20.30.0/24 (hiyo /24 ni maski kwa kifupi, kundi la 10.20.30.0 mpaka 10.20.30.255), na nakwepa 192.168.0, 192.168.1 na 192.168.88 kabisa. Siyo mbaya, ila ruta nyingi za nyumbani zinatumia hizo, sasa bosi akiwa kwake Sakina anataka kuingia ofisini kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti), kwake 192.168.1 na ofisini 192.168.1, laptopu yake inabaki inatafuta seva ya ofisi sebuleni.

Hatua ya 2: boksi linakataa IP yenyewe

Hapa mara nyingi ni mkono au jicho, siyo boksi. Kagua hivi haraka haraka: hakuna namba inayozidi 255 kati ya nukta na nukta. Siyo herufi O badala ya sifuri. Siyo mkato badala ya nukta. Na kama IP umeikopi kutoka kwenye meseji ya WhatsApp aliyokutumia mtu wa kampuni ya intaneti, angalia nafasi mwishoni, huwa inakuja na nafasi isiyoonekana na boksi linagoma wakati wewe unaona iko sawa kabisa. Ifute yote andika kwa mkono, dakika moja tu.

Sifuri za mbele nazo. Kuna watu wanapenda kuandika 192.168.010.001 ili ikae kwenye mstari vizuri. Usifanye hivyo. Kuna programu zinasoma namba inayoanza na sifuri kwa hesabu ya nane, yaani 010 kwake ni 8, kwa hiyo unapinga (unapiga pingi, kujaribu kama IP inajibu) 192.168.010.1 kwenye Linux inakwenda 192.168.8.1 na wewe unalaumu kebo.

Kosa lingine ni kumpa kifaa IP ambayo siyo ya kifaa. Kila kundi la IP lina ya kwanza ambayo ni jina la kundi lenyewe na ya mwisho ambayo ni ya kutangazia wote, hizo mbili hazikaliwi na mtu. Kwenye /24 ni .0 na .255, hiyo wote tunaijua, ila kampuni ya intaneti ikikupa /30 au /29 ndo watu wanapotea. Tuchukue mfano, na hizi 203.0.113 zimetengwa kwa ajili ya mifano ya mafunzo kwa hiyo usiziweke kwenye boksi lako. Umepewa 203.0.113.8/30, maski 255.255.255.252. Zipo nne tu: .8 ni jina la kundi, .9 mara nyingi wanachukua wao kama getiwei, .10 ndo yako, .11 ya kutangazia. Ukiweka .8 au .11 maboksi mengi yanakataa. Ukiwa na 203.0.113.16/29, maski 255.255.255.248, zipo nane, za kutumia ni .17 mpaka .22 na mojawapo ndo getiwei.

Sasa ngoja nikwambie kosa linalokaa kimya miezi. Mtu kapewa 203.0.113.10 /30 yeye kwa mazoea anaandika /24. Boksi linakubali, intaneti inapita, analipwa anaondoka. Halafu kuna tovuti moja au mteja mmoja tu hawafikiki, wengine wote wanafikika. Ni kwa sababu huyo mmoja naye yuko kwenye 203.0.113 hiyohiyo mahali pengine, na boksi kwa ile /24 linaamini ni jirani yake wa kebo moja, kwa hiyo linamwita hapohapo badala ya kumpitishia getiwei. Maski iandike kama ulivyopewa.

Na ukiona pfSense inakulalamikia kwamba getiwei haiko ndani ya sabneti (kundi la IP) ya intafeisi (mlango wa boksi), usianze kutafuta namna ya kuilazimisha. Rudi kwenye maski, karibu kila mara umeandika /32 au umekosea namba moja ya mwisho.

Hatua ya 3: mitego ya MikroTik

Kabla ya yote, Winbox (programu ya kuisetia MikroTik) ina kitufe cha Safe Mode pale juu kushoto, kibonyeze. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, muunganisho ukikatika, mabadiliko yote uliyofanya tangu ukibonyeze yanarudi nyuma. Sijui kwa nini watu hawakipendi. Na kama umeshajifungia, chomeka kebo moja kwa moja uingie kwa MAC adresi (namba ya kifaa kutoka kiwandani) badala ya IP, Winbox inaweza, usikimbilie kubonyeza riseti na sindano.

Haya mitego yenyewe. Ukiongeza IP ukasahau /24 mbele, MikroTik haikatai, inaipa /32, yaani kundi la mtu mmoja, peke yake duniani. Utaiona IP ipo pale kwenye orodha inakuchekea na hakuna kifaa kinachoongea nayo. Pia ukibadilisha IP iliyokuwepo, angalia kile kisanduku cha Network chini yake, mara nyingine kinabaki na namba ya zamani. Umebadilisha kutoka 192.168.88.1 kwenda 10.20.30.1 na Network bado inasoma 192.168.88.0. Kifute kiwe kitupu, bonyeza Apply, kitajijaza chenyewe.

Na la tatu, umeweka IP kwenye ether2 (mlango wa pili wa kebo) wakati ether2 iko ndani ya brigi (milango kadhaa iliyounganishwa kuwa mmoja). IP inatakiwa ikae kwenye brigi yenyewe. Hili likikukuta mambo yanakwenda nusu nusu, DHCP inagoma, pingi leo inajibu kesho haijibu, unaweza kudhani boksi limelogwa.

Hatua ya 4: wawili wanagombania IP moja

Dalili zake ni kwamba inafanya kazi, inakata, inafanya kazi. Windows inaweza kukuletea ujumbe kwamba kuna mgongano wa IP, ila vifaa kama kamera na printa havisemi chochote vinakufa tu kimya kimya.

Moshi kuna lodge moja maeneo ya Shanty Town, mama mwenye lodge ananipigia, "mwanangu intaneti ya wageni inachagua watu." Kweli nafika, mgeni mmoja anapata mwingine hapati. Naangalia simu ya aliyekosa ina IP 192.168.0.107. Boksi langu mimi linagawa 10.20.30. Basi hapo nikajua kuna mgawaji mwingine ndani ya nyumba. Kwenye MikroTik nikaingia IP, DHCP Server, Leases (orodha ya waliogawiwa), simu ile haipo. Nikachukua laptopu nikashika WiFi mpaka na mimi nikapata 192.168.0, nikapiga arp -a (amri inayoonyesha IP na MAC za vifaa vya jirani), nikaona MAC ya 192.168.0.1, herufi za mwanzo za MAC zinakwambia kampuni iliyotengeneza, ilikuwa ni hizi ruta ndogo za dukani. Ikabaki kuitafuta kwa macho. Nikaenda kwenye swichi nachomoa kebo moja moja huku laptopu inapinga, kebo ya kumi na moja pingi ikakata. Nikaifuata ile kebo ukutani mpaka baa, nyuma ya friji la soda, chini ya kitambaa cha kufuma, kimekaa kiruta cheupe chenye antena mbili, kijana wa kaunta alikinunua ili simu yake ishike vizuri akiwa anaangalia mpira. Kebo kachomeka kwenye mlango wa LAN, na kiruta kikawa kinagawia lodge nzima. Nilikizima DHCP tu nikamwachia, akabaki na WiFi yake.

Usipotaka kuzunguka na kebo siku nyingine, kwenye MikroTik palepale DHCP Server kuna kichupo cha Alerts, kinakupa taarifa kukitokea mgawaji mgeni.

Mgongano wa aina ya pili ni wa vifaa vya IP za kudumu. Kamera za Hikvision nyingi zinatoka na 192.168.1.64, Dahua 192.168.1.108, fundi wa kamera anafunga kama zilivyo anaondoka, na DHCP yako inagawa kuanzia .2 mpaka .254. Ipo siku laptopu ya mhasibu inapewa .108. Dawa yake ni kugawana mapema: mi naacha .2 mpaka .49 kwa vitu vya kudumu (na kamera zenyewe nazihamishia humo), DHCP inaanza .50 mpaka .250. Na kama unataka kujua IP fulani ina mtu au haina, usiamini pingi peke yake, Windows nyingi fayawoli yake haijibu pingi. Pinga kisha angalia arp -a, MAC ikitokea ujue mtu yupo, kanyamaza tu.

Ukikuta kompyuta ina 169.254 kitu kitu, hiyo haijapewa na mtu yeyote, imejipa yenyewe baada ya kukosa DHCP. Angalia kebo, angalia VLAN (netiweki iliyogawanywa ndani ya swichi), angalia kama DHCP imewashwa kwenye intafeisi sahihi.

Hatua ya 5: IP ziko sawa, ruli ndo zinakataa

Ruli (masharti ya nini kipite na nini kisipite) zinasomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndo inashinda. Ukiweka ruhusu chini ya kataa zote, umeandika bure. Hilo fupi.

Sasa yale ya IP ndani ya ruli. Kwenye pfSense kuna LAN address na kuna LAN net, matoleo mapya wanaiita LAN subnets. Ya kwanza ni IP ya boksi peke yake, ya pili ni kundi zima la ofisi. Mtu anaruhusu LAN address itoke kwenda nje halafu anashangaa ofisi nzima haitoki. Kwenye MikroTik mtego wenyewe ni input na forward: input ni trafiki inayokuja kwa boksi lenyewe, forward ni inayopita kwenda kwingine. Unazuia kompyuta ya mtu kwenye input, yeye anaendelea kuangalia YouTube raha mustarehe.

Kama unafungua poti (mlango wa namba wa huduma) kutoka nje kuja kwenye seva au NVR, kumbuka NAT (ubadilishaji wa IP ya nje kuwa ya ndani na ya ndani kuwa ya nje) inabadilisha IP kabla fayawoli haijakagua. Kwa hiyo kwenye ruli ya kuruhusu, anapokwenda unaandika IP ya ndani ya NVR, mfano 10.20.30.20, usiandike IP ya nje. Nimeona watu wanaandika ya nje, haipiti, wanaishia kuruhusu kila kitu, na NVR inakaa wazi kwa dunia nzima. Bora VPN kuliko hivyo, kwa kweli.

Na kama pfSense yako iko nyuma ya modemu na wewe unaijaribu kutoka upande wa modemu, ile alama ya Block private networks kwenye WAN itakuzuia, maana wewe unatokea IP ya ndani. Itoe ukiwa unajua unachofanya. Usipojua nani anakuzuia, ingia Status, System Logs, Firewall, utaona jina la ruli iliyokukata.

Hatua ya 6: IP ya nje siyo yako

Umefungua poti, ruli ziko sawa, kutoka nje haiingii. Soma IP iliyopo kwenye WAN ya boksi, halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako ya nje. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine mbele yako. Ukiona WAN inaanza 100.64 mpaka 100.127, hiyo ni ya kampuni, umepangwa nyumba moja na wateja wengine na mlango wa nje mmoja. Hapo hata ukeshe kwenye ruli haitaingia. Omba IP ya umma, wengi wanakulipisha kila mwezi, au weka VPN inayotoka ndani kwenda seva yenye IP ya umma, programu ya WireGuard inafanya hiyo vizuri.

Hatua ya 7: pinga kwa mpangilio

Usipinge ovyo. Anza kwenye boksi lenyewe, siyo laptopu. Pinga getiwei ya WAN. Haijibu? Shida iko kebo, IP, maski, au kampuni bado imeshika MAC ya boksi la zamani, hili linatokea sana ukibadilisha ruta ukaacha IP ileile, zima modemu kama dakika tano uiwashe, au wapigie wafute. Inajibu? Pinga 8.8.8.8 (seva ya Google). Inajibu? Pinga jina, google.com. Namba inajibu na jina halijibu, hiyo ni DNS, achana na ruli.

Boksi likipita kote ndo uhamie laptopu. Boksi linapita laptopu haipiti, angalia NAT. Kwenye MikroTik kosa sugu ni masquerade (ruli ya NAT ya kutokea nje) imeandikwa out-interface ether1 wakati intaneti inaingia kwa PPPoE, inatakiwa iwe pppoe-out1. Kebo ni ether1 kweli, ila intaneti haitokei pale.

Ikikaa sawa toa nakala ya konfigi uiweke nje ya boksi, halafu ile karatasi ya mwanzo iandike upya kwa mwandiko unaosomeka, ibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi. Ile ya Njiro nilipita tena juzi kufunga akses pointi nikaikuta ipo bado, ina doa la chai, na chini kabisa dada wa buking kaongeza mstari kwa peni nyekundu: printa mpya, .14.